Naomba ushauri: sera iko kwenye karatasi, mtaani haionekani. Niipe alama ngapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nipo Kampala, nimeingizwa kwenye kikundi cha kupima sera za serikali kuhusu mazingira ya chakula (yaani vyakula gani vinauzwa na kutangazwa pale watu walipo) kwa kipimo kiitwacho Food-EPI. Unaweka sera za nchi yako kando ya mifano bora ya dunia, kisha unatoa alama. Mifano yenyewe inatisha kidogo: Chile tangu 2016 wanabandika alama nyeusi za pembe nane kwenye vyakula vyenye sukari au chumvi nyingi, Mexico wanatoza kodi ya soda tangu 2014.

Sisi tuna Sera ya Chakula na Lishe ya 2003. Nimeisoma. Lakini nje ya geti la shule ya mwanangu ni soda, biskuti na chipsi tu. Hata ndizi mbivu, Uganda hii hii ya matoke, mpaka uvuke barabara!

Sasa nitenganishe alama ya maandishi na ya utekelezaji, au nitoe moja? Na ushahidi wa utekelezaji mnautafuta kwa nani, maafisa wa wilaya au wachuuzi wenyewe? Mliowahi kuifanya kazi hii, nisaidieni. Kikao cha kutoa alama ni Alhamisi.