Mizuka ya Uingereza: tuliokutana nayo kazini na njiani, tupeane uzoefu

Mkazi wa Ipswich: Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, juzi nilimpeleka mgeni kulitazama kanisa la Blythburgh, Suffolk, na nilipouona tena mlango wake wa kaskazini wenye alama nyeusi za kuungua nikajua kwamba mada hii haina budi kufunguliwa. Wenyeji huzihesabu alama hizo kuwa ni za vidole vya Ibilisi. Husimulia kwamba Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, dhoruba ikiwa imepamba moto, mbwa mweusi wanayemwita Black Shuck aliua watu wawili katika kanisa la Bungay, kisha akaingia hapo Blythburgh na kuua mtu mzima na mtoto. Aliyepatwa na jambo asione haya kulieleza.

Mama Watatu: Umenikumbusha nisilotaka kukumbuka. Nilikuwa nikihudumia wazee karibu na Bungay, na bibi mmoja niliyekuwa nikimlaza alinionya kila jioni nisipite njia ya kando ya kinamasi, kwa kuwa anayemwona Shuck hufiwa kabla mwaka haujaisha. Nilimcheka kimoyomoyo, maana sisi tuliokulia Pwani tumeonywa kuhusu mibuyu tangu utotoni na bado tupo. Usiku mmoja wa Novemba basi la mwisho liliniacha, ukungu ulikuwa mzito, nami nikashika njia hiyohiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa fupi. Nilisikia pumzi kabla ya kusikia miguu. Niliposimama nayo ilisimama, nilipoongeza mwendo nayo iliongeza, na nilipogeuka niliona jicho moja tu, jekundu, usawa wa kifua changu. Ayatul Kursi niliyoihifadhi tangu chuoni iliniponyoka yote isipokuwa mwanzo wake, nikawa naurudiarudia huo mwanzo huku nikikimbia, na kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Kesho yake nilimweleza bibi yule, naye hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama nilimgusa.

Mpemba Halisi: Nakuamini, dada. Sisi tuliolala nje mwaka 1995 kwa kumhofia Popobawa hatuna ubavu wa kumcheka mtu.

Fundi wa Leeds: Jicho jekundu ni taa ya ukosi wa mbwa, kwa sababu watu wa huku huwavalisha mbwa wao taa wanapowatembeza usiku. Na hilo la 1577 ni radi. Abraham Fleming, aliyemweneza mbwa huyo kwa kijitabu chake, alikuwa mtu wa London, ilhali kumbukumbu za kanisa la Bungay zinawataja waliokufa katika mnara wa kengele wakati wa dhoruba, wala mbwa hatajwi popote.

Mama Watatu: Mbwa mwenye taa ana mwenyewe. Mwenyewe alikuwa wapi?

Fundi wa Leeds: Pengine alikuwa nyuma, anakukimbilia akuletee kiatu.

Mkazi wa Ipswich: Tusikejeliane. Dada, kuna aliyefariki mwaka ule?

Mama Watatu: Paka wa jirani.

Msafishaji wa York: Mashaka ya Fundi ninayaheshimu, lakini aje York. Mwaka 1953 kijana Harry Martindale, mwanagenzi wa ufundi bomba, alikuwa juu ya ngazi katika chumba cha chini cha Treasurer's House, jumba la kale la mji huo, aliposikia tarumbeta, na askari wa Kirumi wakatokea ukutani wakiwa wamechoka, wamekatika magotini kama watu wanaovuka mto. Walipofika mahali palipokuwa pamechimbwa hadi kwenye barabara ya kale ya Warumi, miguu yao ikaonekana. Wenzake walimcheka, naye akanyamaza kwa miaka mingi, akawa polisi. Mtu anayetafuta sifa hasubiri hadi miaka ya sabini ndipo azipate. Mimi ninaposafisha vyumba vya chini mjini humu huwasha taa zote, na gharama ya umeme si juu yangu.

Mmethodisti wa Meru: Nasi tusijitoe. Nyumba ya kina Wesley, waasisi wa Umethodisti, huko Epworth ilisumbuliwa na mzuka kuanzia Desemba 1716, na mabinti wa nyumba wakaupa jina la Old Jeffrey. Baba yao alipomwombea Mfalme George, mzuka ulibisha kwa nguvu zaidi. Ushauri wangu ni kuomba kwa sauti, bila kumtaja mfalme.

Kijana wa Hammersmith: Kisa changu ni kidogo. Nilikuwa nikitoka tarawehe usiku, nimevaa kanzu nyeupe na koti mkononi, na bwana mmoja mlevi aliyeniona akitokea kona alipiga ukelele akaruka ukuta wa nyumba ya watu. Nilicheka hadi nyumbani.

Mwanasheria Mtarajiwa: Usicheke, kaka, maana mtaa huohuo kanzu yako ingekuua. Mwishoni mwa 1803 watu wa Hammersmith, London, walikuwa na hofu ya mzuka mweupe uliowavamia usiku, na karani wa ushuru, Francis Smith, akaamua kuulinda mtaa kwa bunduki. Tarehe 3 Januari 1804 alikutana na Thomas Millwood, mwashi, aliyevaa nguo nyeupe za kazi yake. Alimwuliza ni nani, hakujibiwa, akampiga risasi ya taya. Baraza la wazee wa mahakama lilitaka kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, majaji wakalikatalia, akahukumiwa kunyongwa. Baadaye adhabu ikapunguzwa kuwa mwaka mmoja wa kazi ngumu. Kisha akajitokeza mshona viatu mzee, akakiri kwamba alikuwa akijifunika shuka ili awatishe wanagenzi wake waliowatisha watoto wake kwa hadithi za mizuka. Swali la kisheria, yaani kama mtu anaweza kujitetea kwa imani potofu aliyokuwa nayo kwa dhati, lilibaki likigombaniwa hadi mahakama ilipolitatua miaka ya themanini ya karne iliyopita.

Mpemba Halisi: Subhanallah. Kumbe aliyekufa ndiye mtu pekee ambaye hakuwa na habari na mzuka.

Mwanasheria Mtarajiwa: Habari alikuwa nazo. Kabla ya hapo watu walishamdhania kuwa ni mzuka, na mama mkwe wake alimsihi avae koti juu ya nguo zile.

Fundi wa Leeds: Hapo ndipo ninaposema kwamba wanaoua ni waoga wenye silaha. Mzuka wenyewe hauna hata kodi ya nyumba unayolipa.

Mama Watatu: Basi njoo Bungay mwezi wa kumi na moja, nitakuonyesha njia, nami nitakusubiri kituo cha basi.

Fundi wa Leeds: Mwezi huo nina zamu.

Mkazi wa Ipswich: Kijana wa Hammersmith, vaa koti.