Mnaocheka macho ya viongozi wenye ualbino, mnajua mnachokicheka?

Wakuu, sasa imezidi. Kiongozi mwenye ualbino akisimama tu kusoma taarifa, klipu imeshakatwa, imevutwa mpaka yamebaki macho matupu, imetiwa muziki na emoji za kucheka. Chini yake: "huyu kalewa", "kusoma hajui", "anatetemeka".

Macho yale hayachezi kwa pombe wala woga. Ile ni nistagmasi, yaani macho kucheza yenyewe bila mtu kukusudia, na wengi wenye ualbino wanayo. Melanini, ile rangi ya asili ya mwili, ikipungua tangu tumboni, kile kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kinachoonea vitu vidogo hakikomai, na mishipa ya fahamu ya macho inaingia kwenye ubongo kwa mpangilio tofauti. Ndiyo maana miwani inasaidia lakini haimalizi. Karatasi anaileta puani kwa sababu mmemchapishia maandishi ya saizi 12. Mpeni saizi 18 kwenda juu, herufi nzito, muone. Na hiyo shingo mnayoiigiza? Wengi wao wana pembe moja ambayo macho hutulia kidogo, kwa hiyo anainamisha kichwa kuitafuta. Mkimpiga na taa za kamera usoni mwanga unamuumiza, anakunja uso, na presha ya kutazamwa inazidisha kucheza kwa macho. Halafu mnaandika "ana dharau"!

Hata kofia pana mnaisema. Juani ile ni kinga ya saratani ya ngozi, pamoja na mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili.

Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao mwaka 2010, miaka ambayo wenye ualbino walikuwa wanakatwa viungo nchini humu kwa imani za kishirikina. Wauaji wale waliaminishwa kwamba mwili huo si wa mtu kamili. Klipu zenu zinafundisha nini tofauti?

"Mtu wa umma avumilie." Avumilie kuulizwa kura yake, mahudhurio yake, fedha alizoidhinisha. Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za Bunge, zipo, nukuu alichosema, mchane mpaka basi. Retina yake haikupitisha bajeti.

Nanyi mnaolaani, acheni kuisambaza kwa "oneni ujinga huu". Mnaiongezea watazamaji. Ripotini, mpite.

Mods, mkifuta bandiko, futeni na majibu yaliyolinukuu. Klipu inabaki humo humo kwenye nukuu, kisha mtu anaichomoa na kuifungulia uzi mpya.