Nywila dhaifu ofisini: je, kuwalazimisha watu kuzibadili kila mwezi kunasaidia?

Mhasibu wa Kariakoo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ndogo ya kuuza vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo, yenye wafanyakazi kumi na mmoja na kompyuta saba. Wiki tatu zilizopita, mteja wetu wa siku nyingi aliyeko Morogoro alinipigia simu kuuliza kwa nini ankara tuliyomtumia kwa barua pepe ilikuwa na namba ya akaunti ya benki asiyoifahamu. Ankara hiyo ilikuwa na nembo yetu, ilitoka katika anwani yetu halisi, na hata salamu zake zilikuwa zilezile ambazo dada wa mauzo humwandikia, ila akaunti haikuwa yetu. Bahati yetu ni kwamba mzee huyo ni mtu wa kuulizauliza kabla hajatoa fedha. Angekuwa na haraka, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Mkurugenzi alinikabidhi kazi ya kuchunguza, kwa kuwa ndimi ninayedhaniwa kuifahamu kompyuta kuliko wengine. Niliwaomba wenzangu waniambie nywila zao (ninajua sasa kwamba hata kuomba huko kulikuwa kosa, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyekataa), nikakuta watu wanne wanatumia jina la kampuni likifuatiwa na mwaka, wawili wanatumia majina ya watoto wao, mmoja 123456, na kijana wa stoo Simba1936. Jirani yake wa meza alimcheka sana, kisha ikabainika kwamba ya kwake ni Yanga1935. Anwani ya mauzo, ambayo ndiyo iliyotumika kumwandikia mteja, ilifunguliwa kwa jina la kampuni na 2019, na watu watano walikuwa wakiitumia kwa pamoja.

Nimependekeza kwamba kila mtu abadili nywila yake kila tarehe mosi ya mwezi, na kila nywila iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Wenzangu wamenuna. Je, sharti hili lina faida, au ninawasumbua bure? Na jambo la pili: baadhi yao wanasema kwamba anayetumia neno la Kiswahili hana haja ya kuogopa, kwa sababu wadukuzi hawaijui lugha yetu. Kuna ukweli wowote?

Fundi wa Seva, Posta, alijibu:

Ndugu Mhasibu, poleni kwa yaliyowafika, na huyo mteja wenu anastahili punguzo la bei.

Nitaanza na sharti la tarehe mosi, maana ndilo litakalowadhuru mapema zaidi. Ukimlazimisha mtu kubadili nywila kila mwezi, hatatunga kumi na mbili mpya kwa mwaka. Ataichukua ileile ya zamani na kuisogeza hatua moja. Kijana wa stoo atakuwa na Simba1936! mwezi huu na Simba1937! mwezi ujao, na mtu aliyeipata ya Machi hatahitaji ufundi wowote kuipata ya Aprili. Sharti lenyewe lina historia yake. Mwaka 2003 Bill Burr, aliyekuwa ofisa wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, aliandika mwongozo uliohimiza mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama pamoja na kubadili nywila mara kwa mara, nao ukanakiliwa na maofisi ya dunia nzima bila kuulizwa maswali. Mwaka 2017, akiwa amekwisha kustaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo taasisi yake ilitoa mwongozo mpya ambao hauwataki watu wabadili nywila kwa kufuata kalenda, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Wakati huo ulitaka iwe na angalau herufi nane, na ulitaka mfumo uikatae ikiwa imo katika orodha ya nywila zilizokwisha kujulikana.

Orodha hiyo ndiyo kiini cha jambo. Wengi wetu tukisikia neno "kukisia" tunamfikiria mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akijaribu neno moja baada ya jingine, na kwa kuwa tovuti nyingi humfungia mtu akikosea mara kadhaa, tunajiona tuko salama. Kazi kubwa ya kukisia haifanyikii mlangoni. Mwizi huiba kwanza hifadhidata nzima ya tovuti fulani, yaani kumbukumbu za watumiaji wake ambamo nywila kwa kawaida huwa zimegeuzwa kuwa fumbo, akaenda nayo kwake, akakisia kwa raha zake bila mtu wa kumfungia. Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ilivuliwa nywila za akaunti zipatazo milioni 32, nayo ilikuwa imezihifadhi wazi, jinsi zilivyoandikwa, bila kuzificha hata kidogo. Wachunguzi walipozihesabu, 123456 ilikuwa ya kwanza, ikitumiwa katika akaunti karibu 290,000. Tangu hapo kila mdukuzi anayeanza kazi anayo orodha hiyo, na juu yake huongeza nyingine zilizovuja baadaye. Programu zao hazianzi na aaaaaa, aaaaab. Huanza na yale ambayo watu wamekwisha kuyachagua, kisha huyapinda kwa njia ambazo watu huyapinda: herufi ya kwanza kuwa kubwa, a kuwa @, mwaka mwishoni, alama ya mshangao baada ya mwaka. Hiyo mbinu ya alama unayotaka kuwalazimisha wenzako, mashine iliisoma zamani.

Wala tusidhani kwamba tabia hii imeletwa na simu janja. Mwaka 1979 wataalamu wa kompyuta Robert Morris na Ken Thompson walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 zilizotungwa na watumiaji wa kompyuta waliokuwa huru kuchagua watakacho. Nywila 2,831 kati ya hizo, yaani asilimia 86, zilikuwa fupi mno, au za herufi ndogo tupu, au ni majina na maneno ya kamusi. Kumi na tano zilikuwa na herufi moja tu. Hao hawakuwa watu wa mtaani wasiojua kompyuta.

Kuhusu Kiswahili, hapana. Orodha zimetokana na watu wa kila lugha, na programu ya kukisia haihitaji kuelewa inachokijaribu. Aidha, aliyewaandikia ankara ya uongo alisoma barua zenu kwanza hata akazijua salamu za dada wa mauzo. Mtu wa namna hiyo atashindwaje na Yanga1935?

Mama wa Tabata alijibu:

Nimemsoma ndugu Fundi kwa makini na ninakubaliana naye, isipokuwa ninaona kwamba mjadala wa aina hii huelekea haraka kuwaita watu wavivu au wajinga. Mtu anayechagua jina la mwanawe amefanya hesabu. Akisahau neno la siri la simu, atapoteza nusu siku kwenye foleni ya ofisi ya huduma kwa wateja akiwa na kitambulisho mkononi. Akidukuliwa, hilo ni jambo ambalo hajawahi kuliona kwa macho yake. Kati ya hasara anayoijua na hasara ya kusimuliwa, anajikinga na ile anayoijua. Ukitaka abadilike, mpunguzie kwanza mzigo wa kukumbuka.

Mimi mwenyewe nilikuwa natumia 1964 kuwa namba ya siri ya simu yangu, nikijiona mzalendo. Siku moja mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliifungua simu akacheza mchezo, na nilipomuuliza aliijuaje namba akanijibu kwamba alijaribu kwanza mwaka wa uhuru, kisha mwaka wa muungano. Majaribio mawili! Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, lakini anayechagua siku na mwezi wa kuzaliwa amejifungia ndani ya tarehe 366, na anayechagua mwaka wa kuzaliwa amejibana ndani ya miaka sitini au sabini hivi. Tena mwaka wenyewe anautangaza kila anaposherehekea. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alizichambua nywila za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja akakuta karibu asilimia 11 yake ni 1234. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" angalau wanajisumbua kuandika ujumbe. Mwenye 1234 hajamwachia mwizi kazi yoyote.

Kwa hiyo hofu yangu si mdukuzi wa mbali peke yake. Nywila zetu nyingi zinakisiwa na wanaotujua: mpwa, mfanyakazi mwenzako, kijana wa duka anayejua unashabikia timu gani na mtoto wako anaitwa nani, kwa sababu sisi wenyewe huitwa kwa majina ya watoto wetu.

Mwalimu Mstaafu, Kigamboni, alijibu:

Nina maswali mawili kwa ndugu Fundi. Kwanza, je, methali ndefu haifai? Kwa mfano harakaharakahainabaraka ina herufi ishirini na tatu, na haisahauliki kamwe. Pili, kuandika nywila kwenye daftari ni dhambi kama tulivyofundishwa?

Fundi wa Seva, Posta, alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Methali ni ndefu kwa macho, lakini kwa mashine ni kitu kimoja kilichokwisha kuandikwa mahali pengi, sawa na aya ya msahafu, mstari wa zaburi au kibwagizo cha taarabu. Urefu unafaa pale tu maneno yanapokuwa hayajawahi kukaa pamoja. Funga macho, fungua kamusi, weka kidole, andika neno. Rudia mara nne au tano, ukatae kishawishi cha kubadili neno usilolipenda. Ukipata kitu kama "bawaba tikiti mnyiri kodoleza", tayari una picha ya kuchekesha kichwani, na haitakutoka. (Huo mfano msiutumie, maana sasa umo humu.)

Hesabu yake ni hii. Herufi nane ndogo, hata zikichaguliwa bila mpangilio kabisa, zinatoa uwezekano wa takriban bilioni 209. Hiyo inaonekana kubwa mpaka ujue kwamba kadi moja ya kisasa ya michoro, zile wanazonunua vijana kwa ajili ya michezo ya kompyuta, hujaribu mabilioni kwa kila sekunde iwapo tovuti iliyoibiwa ilificha nywila kwa mbinu nyepesi za zamani. Maneno manne yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 7,776 yanatoa zaidi ya trilioni 3,600, na kila neno la ziada linazidisha idadi hiyo mara 7,776 nyingine. Kwa barua pepe ningeweka matano, kwa sababu anayeishika barua pepe yako huomba nywila mpya za akaunti nyingine zote, nazo zinamjia palepale.

Daftari si dhambi, Mwalimu. Mdukuzi aliye ng'ambo haoni kabati lako la Kigamboni. Daftari lililofungiwa nyumbani lenye nywila ishirini tofauti ni bora kuliko kichwa chenye nywila moja inayofungua milango ishirini, kwani tovuti moja ikivuja wezi huibeba nywila hiyo na kuijaribu kwingine kote. Ofisini ni tofauti: karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi huonwa na msafishaji, mgeni na fundi wa kiyoyozi. Huko tumieni programu ya kutunza nywila, ambayo hutunga na kukumbuka yenyewe, nanyi mkakumbuka ya kuifungulia tu.

Ndugu Mhasibu, kuna mambo matatu ambayo hukuyauliza. Ingia kwenye mipangilio ya anwani ya mauzo uangalie kama kuna agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani msiyoijua. Wezi wa ankara hupenda kuacha agizo hilo, na kubadili nywila hakuliondoi. Pia washa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mwenye nywila asiingie bila simu ya mhusika. Halafu kama mna kamera za ulinzi, mwulize aliyezifunga kama aliwahi kubadili nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta (vifaa vya kusambaza intaneti) kwa mamia ya maelfu duniani kwa kujaribu jozi zipatazo sitini tu za majina na nywila za kiwandani.

Mhasibu wa Kariakoo alijibu:

Ninawashukuru nyote, na Mama wa Tabata nimemwelewa vizuri zaidi jana jioni nilipowaambia wenzangu kwamba sharti la tarehe mosi limefutwa, kwani ni mara ya kwanza tangu tukio lile wamenisikiliza hadi mwisho. Agizo la kupeleka nakala lilikuwepo kweli. Barua zetu za mauzo zilikuwa zikinakiliwa kwenda anwani ngeni tangu Februari, na nimelifuta baada ya kupiga picha ya ukurasa kwa ajili ya kuipeleka polisi. Kamera zilikuwa na "admin" kwa jina na "admin" kwa nywila.

Akaunti ya pamoja tumeivunja. Kila muuzaji ana ya kwake, na kamusi ya ofisi imezunguka meza kwa meza kwa saa nzima huku watu wakifumba macho. Kijana wa stoo amelalamika kwamba kidole chake kimeangukia neno "mwananchi", naye kama Mwanasimba hawezi kuliandika kila asubuhi. Nilimkumbusha kwamba haruhusiwi kubadili neno asilolipenda, kisha nikamwambia kwamba kwa kuwa amekwisha kulitaja mbele ya ofisi nzima, halifai tena, aanze upya.

Aliyebaki ni mkurugenzi, ambaye nywila yake ni namba ya gari lake, na gari huliegesha mbele ya duka. Nitamwona Jumatatu.