Datsun 240Z: bushi za raba, za poliurethani au za kuchonga?

Njiro240
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972, niliachiwa na baba mdogo. Injini iko vizuri ila chini imechoka. Kwenye matuta mbele inagonga, ukikanyaga breki inavuta upande, na shokapu za mbele zimemwaga oili. Nataka kuifanya mwenyewe nyumbani. Jeki, stendi na spana ninazo, presi, mashine ya kusukumia bushi, sina.

Kwa bushi, zile pete laini za kwenye maungio ya chini, nimebaki na njia tatu: kuagiza za raba kama za kiwandani, kuagiza za poliurethani (plastiki ngumu), au kuchongesha hapa mjini kwa raba ya tairi la lori. Gari inatoka wikendi, Arusha hadi Moshi kwa lami, na kipande cha vumbi kufika nyumbani. Mngechukua ipi?

FundiSakina
Mkuu, anza na namna bushi inavyofanya kazi. Bushi ya raba kwenye amu, ule mkono unaoshika gurudumu, haizunguki. Raba imeshikana na kopo la nje na bomba la ndani, amu ikipanda na kushuka raba ndiyo inayojinyonga. Kwa hiyo usikaze boliti gari ikiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Ukikaza hapo, gari ikishuka raba inakaa imenyongwa muda wote, na itachanika mapema. Funga boliti kwa mkono, shusha gari ikalie uzito wake, itikisetikise, ndipo ukaze. Raba nyingi zinazoitwa feki ziliuawa na ukazaji wa namna hiyo.

Poliurethani yenyewe inazunguka juu ya bomba, ndiyo maana inataka grisi ya silikoni. Vumbi likipenya pale kati inaanza kulia, halafu inalika. Kwa njia yako mimi nasema raba.

MangiKibosho
Nampinga kidogo FundiSakina. Datsun yangu hapa Moshi ina poliurethani kwenye amu za mbele na nimeridhika nayo sana. Usukani umetulia, ukifunga breki ghafla gari haihangaiki. Kiangazi inalia, hilo ni kweli. Ikilia nafungua, nasafisha, napaka grisi upya. Asiyependa kuingia chini ya gari asiiweke.

Ila kwenye tensheni rodi, ile fimbo inayoizuia amu isiende mbele na nyuma, usiweke poliurethani pande zote mbili. Ile rodi lazima ipate nafasi ya kuyumba gurudumu linapopanda. Ukiibana na kitu kigumu mbele na nyuma, inapinda kila tuta hadi inakatika penye nyuzi, na ikikatika uko barabarani. Weka poliurethani mbele na raba nyuma, au raba kote.

DadaSpana
Kuhusu za kuchonga: mafundi wetu wa Unga Ltd hapa Arusha nawaheshimu, na bushi zao za staibilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, nimezitumia bila shida, kwa sababu pale raba inabanwa tu. Kwenye amu sikubali. Raba ya tairi haikushikana na chuma, kwa hiyo inasugua, tundu linapanuka, amu inahama. Utapiga alaimenti (kunyoosha magurudumu) leo, baada ya muda mfupi tairi zinalika upande mmoja tena.

Kukosa presi kusikutishe. Tafuta boliti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, uvute bushi mpya taratibu. Kopo la zamani likikataa kutoka, lipasue kwa msumeno wa chuma kutokea ndani, ukiangalia usiguse amu. Usichome moto. Moshi wa raba ni sumu.

Shokapu: kaka, tafadhali, nati ya katikati juu ya mnara, yaani shokapu na springi yake kwa pamoja, usiiguse kabla springi haijabanwa kwa klempu mbili zinazotazamana. Springi ikiruka inaua. Ukishaweka katriji mpya, yaani shokapu ya kuingiza ndani ya mnara, mimina oili kidogo ndani ya bomba la mnara ili joto lipate njia ya kutokea nje. Usijaze.

Kijana_wa_Kijenge
Kwa nini usikate springi kabisa ishuke? Itapendeza.

MzeeUsaRiver
Hapana, kijana wangu. Springi iliyokatwa inaweza kulegea kwenye kiti chake gurudumu likining'inia, na shokapu inaishiwa safari, inapiga chini kila tuta. Gari hizi ndizo zilizoshinda Safari Rally, 1971 na Edgar Herrmann, 1973 na Shekhar Mehta, na hazikushushwa. Ziliachiwa nafasi ya kupanda na kushuka.

Sasa Njiro240, nyote mmeongelea mbele, shida yenyewe iko nyuma. Amu ya chini ya nyuma imeshikwa na pini moja ndefu inayopita kwenye bushi mbili na chini ya mnara. Miaka hamsini ya kutu imeigandisha. Katikati kuna kipini cha kuifunga, hicho kitoke kwanza, wengi wanakisahau kisha wanagonga bure. Pini yenyewe usiipige nyundo kichwani, nyuzi zitavimba na haitapita tena. Mimina oili ya kulegeza kutu, acha ilale, rudia. Kisha weka bomba nene mwishoni, washa na nati, ukaze nati ili pini ivutwe kuingia kwenye bomba. Ikigoma kabisa, kata kwa msumeno kati ya amu na mnara, kipande kilichobaki kipeleke kwenye presi. Kwa hiyo pini mpya ziagize pamoja na bushi, usisubiri.

Njiro240
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Naagiza raba kote, tensheni rodi poliurethani mbele tu, katriji nne na pini mbili. Naweza kukuletea gari Jumamosi uione nyuma?

MzeeUsaRiver
Marahaba. Njoo nayo, ila anza kumimina oili leo usiku. Na usisahau lile bomba.