Kuuza ruwaza za vekta mtandaoni ukiwa Tanzania: nianze na soko lipi, na kwa nini faili zinakataliwa?

MjiNaPindo

Habari za leo wakuu. Nachora ruwaza za vekta (michoro inayokuzwa bila kupoteza ubora) kwa programu ya Inkscape: kanga, ukili, nakshi za milango ya pwani. Nataka kuziweka kwenye masoko ya mtandaoni zijiuze zenyewe, badala ya kungoja oda za kadi za harusi na mabango. Naomba msaada kwa haya:

Kwanza, kwa aliye Tanzania, soko lipi la kuanzia, na pesa inafikaje benki? Pili, soko la Adobe Stock wamekataa faili tatu za EPS (aina ya faili ya vekta) kwa sababu ya udogo, na ukurasa ni pikseli 4000 kwa 4000. Tatu, ukikuza ruwaza unaona mistari myeupe myembamba kati ya kigae na kigae, yaani kati ya vipande vinavyorudiwa. Mwisho, misemo ya kanga naruhusiwa kuitumia?

Kalamu_na_Hesabu

Karibu mkuu. Nianze na pesa, maana hapo ndipo wengi wanakwama wakiwa wameshapakia michoro mia.

PayPal ya Tanzania inalipa tu, haipokei. Kwa hiyo soko lolote linalolipa kwa PayPal peke yake liondoe kwenye orodha. Wenzetu wa Kenya wana nafuu, kwao PayPal inapokea na pesa inatoka kwa M-Pesa au Equity. Kwa hapa njia ya kawaida ni Payoneer, kampuni ya kupokea na kutuma pesa: soko linalipa Payoneer, Payoneer inatuma benki yako. Adobe Stock na soko jingine la michoro, Shutterstock, zote zinalipa kwa njia hiyo. Kabla ya kufungua akaunti soma jedwali la ada za Payoneer, hasa ada ya mwaka kwa akaunti inayopokea kidogo, maana inaweza kumeza mauzo ya miezi kadhaa.

Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye kitambulisho cha NIDA, benki, Payoneer na soko. Kama NIDA ina majina matatu na benki ina mawili, rekebisha benki kwanza. Malipo mengi yanazuiliwa kwa kosa hilo tu.

Soko la Etsy liache kwa sasa mpaka uangalie orodha ya nchi za Etsy Payments (mfumo wao wa malipo), kwa sababu wauzaji wapya wanapokelewa kutoka nchi zilizomo humo tu. Usikubali ushauri wa kutumia anwani ya ndugu aliye Marekani. Siku wakidai uthibitisho wa makazi, duka linafungwa na salio linabaki humo humo.

Halafu kuna fomu ya W-8BEN ya kodi ya Marekani. Ijaze siku ya kwanza. Panapotaka namba ya kodi ya nchi yako weka TIN ya TRA (Kenya ni PIN ya KRA). Sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi, kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba huo na Marekani. Maana yake mrabaha unaotokana na wanunuzi wa Marekani unakatwa asilimia 30. Mauzo ya Ujerumani au Japani hayaguswi na kato hilo. Fomu inakufa mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini: ukisaini mwezi wowote wa 2025, itakwisha tarehe 31 Desemba 2028.

Hesabu yenyewe iangalie bila kujidanganya. Adobe wanatoa asilimia 33 ya bei, lakini wanunuzi wengi wana vifurushi vya mwezi, na hapo kiwango cha chini ni dola 0.33 kwa upakuaji mmoja. Malipo yanaanza ukifikisha dola 25, yaani upakuaji 76 kwa kiwango hicho. Shutterstock unaanzia asilimia 15, kiwango cha chini ni dola 0.10, kwa hiyo dola 25 hizo hizo ni upakuaji 250. Na kila tarehe 1 Januari ngazi yako ya malipo huko Shutterstock inarudi mwanzo. Mimi ningeanza na Adobe, Shutterstock ikawa ya pili kwa faili zile zile, alimradi hujasaini mkataba wa kuuza sehemu moja tu.

Fundi_Vekta

Swali la pili na la tatu nayajibu mimi, na yote mawili yanatokana na Inkscape kuhesabu tofauti na unavyodhani.

Udogo wa faili: Adobe wanataka ukurasa wa vekta usiopungua pikseli milioni 15. Kwa macho 4000 kwa 4000 ni milioni 16, inatosha. Lakini Inkscape inahesabu pikseli 96 kwa inchi, na EPS inahesabu pointi 72 kwa inchi. Kwa hiyo 4000 zako zinatoka zikiwa 3000, na 3000 kwa 3000 ni milioni 9 tu. Ndiyo maana wamekataa. Fanya ukurasa uwe 5400 kwa 5400: ukizidisha kwa 0.75 unapata 4050, ambayo ni milioni 16.4. Kigae kiwe 1350, mara nne kila upande. Zile tatu zilizokataliwa usizichore upya, zikuze tu na uhakikishe kufuli ya uwiano imefungwa.

Mistari myeupe ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni usuli. Ukiweka rangi ya usuli ndani ya kila kigae, unapanga miraba 16 inayogusana, na kompyuta inapolainisha kingo inaacha ufa kati yao hata kama vipimo ni sahihi. Toa usuli kwenye kigae. Weka mraba mmoja wa 5400 chini ya kila kitu, basi.

Cha pili ni Tiled Clones, zana ya Inkscape ya kupanga nakala za kigae. Kwa kawaida Inkscape inapima umbo pamoja na unene wa mstari wake. Mstari wa pikseli 2 unafanya kigae cha 1350 kipimwe 1352, na kosa linaongezeka kila unaposogea safu. Nenda Preferences, kisha Tools, chagua Geometric bounding box. Hata hivyo, kama una maua au korosho zinazovuka ukingo wa kigae, kipimo kitavurugika tena kwa sababu kundi zima limekuwa kubwa kuliko kigae. Kwa ruwaza za namna hiyo usitumie Tiled Clones kabisa. Chora kila umbo mara moja tu, likivuka ukingo liache livuke zima. Kundi lote linakili, fungua Transform (Shift+Ctrl+M), weka Relative move, sogeza 1350 kamili kulia, rudia, kisha safu nzima iteremshe 1350. Jaza mpaka maumbo yatokeze nje ya ukurasa pande zote nne, ndipo ukate kwa Clip ya mraba wa 5400. Hapo hakuna umbo lililokatwa katikati, kwa hiyo hakuna mshono wa kuonekana.

Kosa linalofanana na hilo ni kuweka nakala ya ua kwenye ukingo wa kushoto na nyingine kulia, halafu kupanga vigae. Maua mawili yanalaliana pale pale, kingo zinakuwa nzito, na mkaguzi anaona.

Kabla ya kutoa EPS: maandishi na mistari yote igeuzwe kuwa maumbo (Object to Path, kisha Stroke to Path), nakala za Tiled Clones uzitenganishe na mama yake kwa Shift+Alt+D, na usitumie ukungu wala rangi zinazopitisha mwanga. Hivyo viwili vikiingia kwenye EPS vinageuzwa kuwa picha ya kawaida, na faili ya vekta yenye picha ndani inakataliwa. Ukitaka kivuli, chora umbo la rangi iliyokoza zaidi.

Kukagua mrudio, toa PNG (faili ya picha) ya kigae kimoja, ifungue kwenye programu ya Krita, bonyeza W. Ruwaza itajirudia yenyewe bila kikomo na kosa lolote utaliona hapo hapo.

MjiNaPindo

Asante sana. Hiyo ya 96 na 72 nisingeiwaza. Je, ruwaza moja naweza kuipakia kwa rangi ishirini tofauti ili duka lijae haraka?

Fundi_Vekta

Hapana. Watazikataa kwa kufanana, na zikirudiwa sana akaunti yenyewe inatiliwa shaka. Mbili zenye tofauti kubwa, labda ya mwanga na ya giza, zinatosha. Badala yake igawe kanga: mji kama picha moja, pindo kama mkanda unaojirudia upande mmoja, na kanga nzima kama fremu yenye nafasi wazi pale panapokaa jina. Hizo ni bidhaa tatu kwelikweli, kila moja ina mnunuzi wake.

BintiWaUkili

Kuhusu misemo, ndugu yangu, tenganisha vitu viwili. Methali ya zamani haina mwenyewe, itumie. Mistari ya taarabu ina wenyewe, iache. Na mchoro wa kanga iliyopo dukani usiufuatishe kwa juu hata kama msemo wake ni wa wote; mchoro ni kazi ya aliyeubuni. Jifunze mpangilio wake, kisha chora wako.

Lakini kuna mtego mmoja unaouma: "Hakuna Matata" kwenye fulana. Disney waliisajili Marekani kama alama ya biashara kwa mavazi mwaka 2003. Ni maneno yetu ya kila siku, na inasikitisha, ila ukiyaweka kwenye fulana ya kuuzwa huko mchoro utaondolewa na akaunti kupata doa. Kila msemo utafute kwanza kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya Marekani, ni bure.

Kama utajaribu fulana, Merch ya Amazon inataka PNG ya 4500 kwa 5400, usuli wazi, isiyozidi MB 25, na kuingia ni kwa maombi. Kingo zisiwe na ukungu: kwenye fulana nyeusi mashine hupiga wino mweupe chini ya rangi, na pikseli nusu wazi hutoka kama vumbi jeupe.

Na soko ambalo Mswahili ana faida ya wazi ni Kwanzaa. Husherehekewa Marekani kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, iliasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, na kanuni zake saba ni za Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Michoro mingi iliyopo ina tahajia mbovu, au kinara cha mishumaa tisa kilichochukuliwa kwenye sikukuu ya Kiyahudi. Sahihi ni saba: mweusi katikati, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia. Andika jina la sikukuu kwa a mbili mwishoni. Pakia Septemba, si Desemba, kwa sababu wabunifu wa kadi na mabango hununua mapema, na mchoro unahitaji wiki kadhaa kupanda kwenye matokeo ya utafutaji.

Maneno ya utafutaji andika kwa Kiingereza, ndicho wanunuzi wanachotumia. Adobe wanaruhusu hadi 49, lakini 10 ya kwanza ndiyo yenye uzito. Mfumo ukikupangia wenyewe, yapange upya: kitu chenyewe kwanza, kisha mahali kinapotumika, rangi mwisho. Neno kanga liweke, na khanga pia, maana wengine huandika hivyo. Usiweke kitenge kwenye mchoro wa kanga. Anayetafuta kitenge atapita bila kununua.