Kuwasha soketi na pampu kwa transmita ya megahezi 433 kwenye Linux

Mkazi wa Kimara: Habari zenu wadau. Nina Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja inayotumia mfumo wa Linux, na transmita ndogo ya FS1000A ya kurusha mawimbi ya redio niliyoinunua Kariakoo, nami nataka ziwashe soketi za rimoti za sebuleni pamoja na pampu inayopandisha maji kwenye simtanki. Natumia rc-switch, maktaba ya programu inayotuma misimbo ya rimoti, lakini soketi hutii mara moja na kukaidi mara nyingine, hasa kompyuta inapokuwa na kazi nyingi, na ile ya chumba cha pili haitii kabisa. Je, tatizo ni transmita au ni mfumo wenyewe?

Fundi Redio, Tegeta: Ndugu, inaelekea ni yote mawili. Rimoti za namna hii, ambazo nyingi hutumia chipu za PT2262 au EV1527, hutuma msimbo kwa kuwasha na kuzima wimbi, na kinachotofautisha sifuri na moja ni urefu wa mapigo yanayopimwa kwa mamia ya mikrosekunde. Linux ya kawaida haikuhakikishii muda sahihi kiasi hicho, kwa sababu kerneli, yaani kiini cha mfumo, yaweza kuisimamisha programu yako katikati ya pigo ili ihudumie kazi nyingine, na msimbo ukavurugika. Unaweza kuongeza marudio ya ujumbe, ingawa mimi ningeikabidhi kazi hiyo Arduino Nano, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa ambayo haina shughuli nyingine, Linux ikabaki kuipelekea namba tu kupitia USB. Kuhusu umbali, lehemu waya ulionyooka wa sentimita 17.3, yaani robo ya urefu wa wimbi, kisha uipe transmita volti 5.

Mama Saketi: Ukiongeza risiva ya kusoma misimbo ya rimoti, usiiunganishe moja kwa moja: nyingi hutoa volti 5, ilhali pini za Pi huvumilia 3.3 tu.

Mdau wa Mbezi: Kwa pampu sikubaliani na mpango huu. Soketi hizi hupokea tu bila kujibu, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, hali ya soketi yaweza kutofautiana na ile inayokumbukwa na kompyuta, na hakuna kitakachokuarifu. Isitoshe, mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa unaoweza kugandisha rilei ndogo, yaani swichi ya umeme iliyo ndani ya soketi. Tumia kontakta, yaani swichi kubwa ya mota inayovutwa na koili yake, na swichi ya boya inayofuata kina cha maji.

Mkazi wa Kimara: Nashukuru sana. Boya liunganishwe wapi?

Mdau wa Mbezi: Kwa mfululizo na koili ya kontakta, ili tanki likijaa pampu izimike hata kama redio imekosea.