Kuhakiki damu kabla ya kutundika: mezani au kitandani?

MuuguziMpya
Shikamooni wakubwa zangu. Nina miezi minne kazini, wodi ya wanawake. Juzi usiku niliambiwa nimtundikie damu mama aliyetoka kujifungua. Mwenzangu wa zamu alikuwa amebanwa na mgonjwa mwingine, akasaini fomu palepale mezani: "Nenda tu, nimeshaiangalia." Nikatundika. Mama yuko salama, lakini mimi tangu siku hiyo silali vizuri. Kuhakiki kwa watu wawili ni lazima kitandani? Na zile dakika 15 za mwanzo, kweli nikae hapohapo huku wengine wananiita?

SistaWaUsiku
Marahaba mdogo wangu. Ni kitandani. Mezani unalinganisha karatasi na mfuko, vinakubaliana vizuri kabisa, na damu bado inaingia kwa asiye wake.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulilaza wanawake wawili wenye jina moja, la kwanza na la baba. Nilimwendea mmoja nikamuuliza, "Wewe ndiye fulani?" Akaitikia ndiyo. Alikuwa na usingizi, na jina lilikuwa lake kweli. Mwenzangu aliyesimama ng'ambo ya kitanda akauinua mkono wa yule mama, akasoma namba ya kwenye utepe kwa sauti. Tarakimu mbili za mwisho zikakataa. Mfuko ulikuwa wa kundi A, yeye ni O. Nilitetemeka mikono hadi nikaketi.

Tangu hapo simtajii mgonjwa jina. Namuuliza, "Unaitwa nani? Umezaliwa lini?" Aseme mwenyewe. Asiyeweza kusema, nasoma utepe wake. Hana utepe, situndiki mpaka atambuliwe na avalishwe.

Dakika 15, kaa. Damu isiyopatana inaweza kumdhuru kwa mililita chache tu, ndiyo maana mwanzo inaenda polepole. Pima joto, mapigo, upumuaji na presha kabla hujafungua, rudia dakika ya 15, kisha kwa utaratibu wa wodi yako hadi iishe. Angalia kutetemeka, homa, maumivu ya kiuno, mkono wenye kanula (kile kijibomba cha mshipani) kuuma. Na akikwambia "naogopa, sijisikii vizuri", msikilize. Wengine hawana dalili nyingine ila hiyo.

Ukiona chochote, funga damu kwanza, ndipo umwite daktari. Toa mpira wote unaopitisha damu, usiisukume iliyobaki humo imwingie mgonjwa. Weka mpira mpya wenye maji ya chumvi ya 0.9%, kanula isizibe, kisha soma upya utepe na mfuko.

WaMaabara
Huo mfuko msiutupe jamani! Turudishieni na mpira wake, pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo wa kwanza. Na kosa mara nyingi huanzia kwenye sampuli ya kupima kundi: kichupa kiandikwe kitandani, baada ya kutoa damu, na yuleyule aliyetoa. Vichupa vilivyoandikwa kabla, vikapangwa kwenye trei, vinanitia hofu kuliko kitu chochote.

Chembe nyekundu tunazitunza nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Zikitoka kwetu, ndani ya dakika 30 ziwe zimetundikwa au zimerudi; ndani ya saa 4 ziwe zimekwisha. Friji ya dawa ya wodini si mahali pake, na msiloweke mfuko kwenye maji moto, chembe zinapasuka.

MuuguziMpya
Asanteni sana. Nimeona pia watu wakipitisha Ringa lakteti, yale maji mengine ya dripu, kwenye mpira wa damu. Ni sawa?

SistaWaUsiku
Hapana. Ringa ina kalsiamu, damu inaweza kuganda humohumo mpirani. Glukosi nayo inapasua chembe. Ni chumvi ya 0.9% tu, na dawa usichome kwenye mpira huo.

Kuhusu wanaokuita: usiende maabara kuchukua mfuko kabla nyote wawili hamjapata nafasi. Mfuko ukiwa bado kwenye friji yao unasubiri. Ukiwa mkononi mwako saa inakukimbiza, na hapo ndipo mtu anasaini mezani. Mama akiwa anavuja damu na hakuna wa kusubiri, mwite daktari wa zamu asimame upande wa pili wa kitanda. Mimi nimeshamwamsha mara nyingi. Na mwenzako huyo ongea naye, mkiwa wawili tu, kabla zamu yenu nyingine haijaanza.